Harufu ya Webuye, Mabwawa ya Kitale

"Kuka, nani anafuga samaki hapa?"

Kijana aliuliza hivyo kando ya mabwawa ya majitaka ya Kitale, simu mkononi, tayari kupiga picha. Babu yake, mwalimu mstaafu, alicheka kwanza, kisha akaudhika. Kijana ana digrii, na bado hajui maji ya choo anayoyavuta kila asubuhi huishia wapi.

Kizazi cha mwalimu hakikuhitaji kuelezwa habari za uchafuzi, kilizinusa. Basi la Kitale kwenda Bungoma likikaribia Webuye, abiria walianza kufunga madirisha kabla mji haujaonekana. Ilikuwa harufu ya mayai viza, ya kupenya hata leso iliyobanwa puani. Mgeni alimtazama jirani yake kwa shaka, mpaka kondakta amtoe wasiwasi: "Ni Panpaper, mzee." Usiku wenye mawingu ilishuka na kutanda juu ya vitanda. Iliingia kwenye sare za shule zilizoanikwa na kwenye unga uliofunikwa. Wenyeji walikuwa wameizoea. Walimwambia mgeni kwamba akipata kazi pale, naye hataisikia tena.

Mwalimu hushikilia kwamba kiwanda hicho cha karatasi kilianza mwaka aliooa, 1972. Kilianza 1974, na mkewe anasema hata harusi ilikuwa 1974. Basi na iwe hivyo. Kilikuwa ubia wa serikali ya Kenya, Orient Paper ya India na shirika la fedha la Benki ya Dunia, IFC. Miti ilipikwa kwa kemikali zenye salfa, na uvundo ulitokana na mapishi hayo. Watu wa Webuye walilalamika kwamba mabati yao yanaliwa na kutu, na kila mlalamikaji alinyoosha kidole juu, kwenye bomba la moshi. Maji ya kahawia yaliyopitia mabwawa ya kiwanda na kumiminwa mto Nzoia hayakupata walalamikaji wengi hivyo.

Mabwawa ya Kitale, kwa upande wake, hayakupata hata wa kuyalaani. Yana kazi nyingi kuliko yanavyoonekana. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, uchafu mzito hutuama na bakteria wasiohitaji hewa huumeng'enya. Katika la pili, jua huotesha mwani, mwani hutoa oksijeni, na bakteria wengine hula kilichobaki. Ndiyo maana maji yale ni ya kijani, kijana akadhani ni ya samaki. La mwisho huwa na kina kifupi ili jua lifike chini na kuua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hakuna mashine kubwa wala umeme mwingi. Vinahitajika siku za kutosha na nafasi.

Kazi hiyo ikiharibika, wa kuumia si Kitale. Maji hayo huishia Nzoia, mto unaoshuka kutoka Cherangani na Elgon, hupita karibu na Kitale, na huko Webuye huchotwa, husafishwa na kupelekwa mabombani, hadi Bungoma. Halafu huteremka Mumias, hunywesha mpunga wa Bunyala na kuingia Ziwa Victoria. Kwa hiyo kanuni za ubora wa maji za 2006 hazikuruhusu majitaka yaachiliwe yakiwa na uchafu unaohitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita. Uchafu ukizidi, bakteria huimaliza hewa ya mto na samaki hufa.

Panpaper ikafungwa 2009. Kampuni ya Rai ikainunua 2016. Harufu ilipokwisha, wengi waliona mto umepona. Lakini miji ilikuwa inafura. Sheria ya maji ya 2002 ilizaa kampuni ya maji ya Nzoia, ikakabidhiwa Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili pamoja, huku mitaa ya Kitale kama Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa ikizidi kujaa vyoo vya shimo. Mvua ikinyesha, vilivyomo hutafuta mto bila kupita bwawa lolote.

Na bwawa lenyewe hujaa tope. Lisipochimbuliwa, nafasi hupungua, maji hupita haraka na kutoka mabichi. Mwalimu amehudhuria mikutano ya siasa tangu enzi za chama kimoja. Ameahidiwa lami, stendi, uwanja wa ndege na soko jipya, soko lilelile mara mbili. Tope hajalisikia likitajwa.