Mistari ya Mto

Mama alipofariki, sauti yake ilikaa nami muda mrefu. Nikiosha vyombo, naisikia. Nikienda kulala, naisikia ikiuliza kama nimefunga komeo. Mwaka wa tatu ikaanza kufifia. Siku moja manyunyu yalianza, nikataka kumwambia mwanangu maneno ambayo bibi yake aliyasema kila mvua ilipotangulia. Nilifungua kinywa, maneno hayakuja. Nikaenda kukaa barazani peke yangu, nikiona haya kama mtu aliyepoteza amana ya watu.

Katika siku hizo ndipo nilipoanza kuzitazama kazi za Toko Shinoda, mchoraji wa Japani, na mpaka leo sijaziacha.

Shinoda alizaliwa tarehe 28 Machi 1913 mjini Dalian, Manchuria, akapelekwa Japani angali mchanga. Alipotimiza miaka sita, baba yake alianza kumfundisha kuandika kwa brashi na wino. Ni urithi wa karne nyingi, wenye adabu zake: kila herufi ina idadi ya mistari, na kila mstari una pa kuanzia na pa kuishia. Herufi ya mto, kwa mfano, ni mistari mitatu ya kusimama, basi. Mwenyewe alisimulia kwamba tangu utotoni mistari hiyo mitatu haikumtosha. Alitamani kuongeza wa nne, wa tano na zaidi.

Akaongeza. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kazi zake ziliacha kusomeka. Herufi zilifumuka, ikabaki mistari mirefu na vipande vipana vya weusi, na baina yake karatasi iliyoachwa tupu. Mwaka 1954 kazi yake ilioneshwa katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na mwaka 1956 alikwenda Marekani mwenyewe, akakaa kiasi cha miaka miwili miongoni mwa wachoraji wa sanaa dhahania.

Mtu angeweza kusema kwamba mtoto huyu ametupa alichopewa na baba yake. Maneno yamekwisha, hakuna cha kusoma. Lakini sogea karibu na karatasi. Wino wake ni sumi, ule ule wa wahenga. Hutengenezwa kwa masizi: mafundi wa Nara huwasha taa za mafuta, hukusanya masizi yanayopanda, huyakanda kwa gundi ya wanyama, kisha huyakausha polepole mpaka yawe kipande kigumu. Mchoraji hutia maji kidogo kwenye jiwe na kukisugua kipande hicho taratibu, duara juu ya duara, hadi maji yawe meusi. Ndipo hushika brashi. Mstari ukishapigwa haufutiki. Unaonesha mkono ulipokaza, ulipolegea, na pale wino ulipokaribia kwisha nywele za brashi zikaacha michirizi kama ya ufagio kwenye mchanga. Herufi imekwenda, ila mkono uliofundishwa na baba upo pale pale. Mwaka 1974, alipokamilisha mchoro wa urefu wa mita 29 hivi kwa ajili ya hekalu la Zojoji, Tokyo, mkono ulikuwa ule ule.

Kuna jambo jingine lililonigusa. Shinoda hakuhamia New York moja kwa moja, na sababu mojawapo ilikuwa hewa. Kule ni kukavu, wino ulikauka kabla haujapata kutambaa. Alihitaji unyevu wa Japani ili wino uzame kwenye karatasi na kutafuta njia yake. Niliposoma hayo nilikumbuka tulivyoanua matanga, na jinsi watu wema walivyonihimiza nijikaze, nifute machozi, maisha yaendelee. Walinitakia mema. Lakini majonzi nayo yanataka unyevu wake. Yakikaushwa haraka hubaki juu juu, hayazami mahali pa kukaa.

Kwa miaka mitatu nilidhani wajibu wangu kwa mama ni kumhifadhi neno kwa neno, na kila neno lililonitoka nililihesabu kuwa dhambi. Sasa naona nilikuwa nimeing'ang'ania herufi. Shinoda aliuheshimu urithi wake kwa kuuendeleza, na katika kuuendeleza alikubali baadhi yake kupotea. Aliendelea kushika brashi hata baada ya kupita miaka mia. Alifariki mjini Tokyo tarehe 1 Machi 2021 akiwa na umri wa miaka 107, siku 27 kabla ya kutimiza 108.

Juzi usiku nilifunga mlango, nikapiga hatua mbili, nikarudi kulishika komeo tena. Mwanangu akacheka, akasema kila siku nafanya hivyo. Sikuwa najua. Mama ndiye aliyekuwa akirudi kulishika komeo mara ya pili, kila usiku, maisha yake yote.

Nawe uliyefiwa, maneno ya mpendwa wako yakianza kukutoka moja baada ya jingine, usijihukumu. Itazame mikono yako.