Maua na Gari la Moshi

Katika mji wa Lubumbashi kila majira yana rangi yake. Siku za kipwa, zisizo na mvua, nyasi hukauka na mavumbi mekundu hufunika miti na nyumba. Mtu angesema kwamba nchi imechoka. Lakini mwezi wa tisa unapofika, kabla mvua haijarudi, miti ya jakaranda huamka. Majani yake yamekwisha kuanguka. Sasa matawi hujivika maua matupu, ya rangi ya buluu iliyochanganyika na nyekundu kidogo. Kila ua lina umbo la kengele ndogo, na nyuki huitika mwito wake. Baadaye huja zamu ya flamboya, mti wa maua mekundu kama makaa ya moto.

Miti hiyo ni migeni. Jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini, na flamboya ilitoka kisiwa cha Madagaska. Zote mbili zimeuzoea udongo wa Katanga.

Gari la moshi nalo lilikuja likiwa geni. Reli ilitoka kusini, ikapita Sakania, ikafika Lubumbashi mwaka wa 1910. Mwaka wa 1918 ilifika Bukama, penye mto Lualaba, na mwaka wa 1928 ikafika Ilebo, penye mto Kasai. Kabla ya reli, mizigo mingi ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Mashini za kwanza zilikula kuni na makaa, zikatoa moshi mwingi. Moshi ule umekwisha, lakini jina limebaki.

Siku moja mzee mmoja, aliyefanya kazi ya reli miaka mingi, alisimama pamoja na mjukuu wake karibu na njia ya reli. Upepo ulikuwa umeangusha maua ya jakaranda, yakatanda katikati ya reli kama mkeka. Mara gari la mizigo likaonekana mbali.

Mtoto akasema: «Babu, niache nikimbie kuokota maua kabla hayajapondwa. Gari liko mbali bado, tena linakwenda polepole.»

Mzee akamshika mkono. «Sivyo, mjukuu wangu. Kitu kikubwa kikiwa mbali hudanganya macho. Chaonekana polepole, kumbe chaja mbio. Tena gurudumu ni chuma, na reli ni chuma. Dereva akifunga breki sasa hivi, uzito wa mizigo utalisukuma gari mbele bado. Wala haliwezi kukupisha. Lenyewe lina njia moja tu. Wewe una njia nyingi.»

Wakangoja. Ardhi ikatetemeka, honi ikalia, na mtoto akaziba masikio huku akicheka. Akayahesabu magari ya mizigo yakipita moja moja: kumi, ishirini, thelathini. Maua yaliyokuwa juu ya chuma yalipondwa. Lakini upepo wa gari uliyainua mengine, yakaruka, yakazunguka hewani, yakashuka polepole hata miguuni pa mtoto. Akainama akaokota mawili: moja lake, moja la mama yake.

Maua ya jakaranda hayadumu. Mvua kubwa zikianza, huanguka na kuoza. Gari nalo hupita kwa dakika chache. Mungu hakuficha furaha hizi ndogo. Maskini na tajiri huzitazama bila kulipa hata senti. Lakini reli si uwanja wa kuchezea, wala si njia ya kwendea shuleni. Mtoto mwenye akili husimama mbali, hutazama kuume na kushoto, hungoja, hufurahi na kumshukuru Muumba. Kisha hurudi nyumbani mzima, akawasimulie wazazi wake aliyoyaona.