Albamu za Matogoro

Ukiwa Songea mjini huhitaji kuuliza Matogoro iko wapi. Tazama mashariki: milima ile ya kijani iliyoukingia mji kifua ndiyo yenyewe. Bodaboda hukufikisha upesi, na njiani utakutana na wanachuo wa ualimu, wauza ndizi, na watoto wa shule waliojifunika masweta. Juni na Julai baridi ya hapa haina mzaha. Ukungu hukaa mlimani hadi jua lipate nguvu, na moshi wa majiko hupanda polepole juu ya mabati.

Wageni wengi huja kwa ajili ya maji, na wana haki. Katika milima hii huanzia Ruvuma, mto unaosafiri takriban kilomita 800 hadi Bahari ya Hindi, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo ndio mpaka wetu na Msumbiji. Luegu na Luhira nazo huanzia hapa, na watu wa Songea hunywa maji yanayoshuka kutoka mlimani. Ndiyo maana msitu unalindwa. Ukifika kwenye chemchemi, udongo ni mweusi, unabonyea chini ya kiatu, na maji yanayotoka unaweza kuyavuka kwa hatua moja. Simama hapo kwa muda. Ni vigumu kuamini kwamba kijito hicho, kikifika mbali, hubeba mitumbwi na kutenganisha nchi mbili.

Mimi nilipanda, nikanywa, nikashuka nikiwa nimeridhika. Lakini kilichonifanya niipende Matogoro kilikuwa sebuleni kwa bibi aliyenikaribisha. Baada ya chai alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. "Kaa, mjukuu wangu," alisema, "nikuonyeshe wenzangu."

Picha ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, ukingo wake umekatwa vimenomeno. Kijana wa miaka ya 1970 amesimama studio: shati la kola pana, suruali ya bugaluu, nywele zimechanwa zikasimama, mkono mmoja juu ya redio. Nyuma yake kuna pazia lililochorwa bahari na minazi, wakati pwani iko mbali mno na hapa. "Redio ilikuwa ya mpiga picha," bibi alieleza. "Kila mtu alipiga nayo." Nyuma ya picha, kwa wino wa bluu uliofifia, kijana ameandika kwamba ni kumbukumbu, asisahauliwe. Alikuwa mdogo wake bibi. Hakusahauliwa.

Picha ya pili ilitushika muda mrefu zaidi. Wanawake sita wameketi chini mbele ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, wanafunga majani ya tumbaku kwenye fito kabla ya kuyapandisha juu ya moto. Songea imelima tumbaku ya moshi kwa miaka mingi, na ushirika wa Ngoni-Matengo ulioanza mwaka 1936 ulijengwa na mikono kama hii. Ukiikaribia picha unaviona vidole vimepigwa weusi na utomvu wa majani. Mwanamke wa mwisho kulia amekatwa nusu na ukingo wa picha, umebaki mkono na shavu. Bibi aliweka kidole hapo hapo. Alimtaja jina, jina la mumewe, na mahali shamba lake lilipokuwa. Kisha akasema huyo ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, na wengine wakimfuata. Kamera ilimwacha nje nusu, lakini bibi alimrudisha mzima.

Nilimsikiliza nikikumbuka picha nyingine za watu wa pande hizi, za kale zaidi, zilizo mbali na hapa. Mwishoni mwa karne ya 19 Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni la Ujerumani, alizunguka nchi ya Nyasa na Ruvuma akipiga picha na kupima miili ya watu. Mwaka 1906 kitabu chake kikubwa kilitoka Berlin pamoja na atlasi ya picha. Mwaka huo huo, tarehe 27 Februari, Wajerumani waliwanyonga hapa Songea mashujaa zaidi ya 60 wa Vita vya Majimaji. Picha za aina ile zina thamani, kwa kuwa zinaonyesha mavazi, nyumba na silaha za wazee wetu. Ila zilipigwa ili kuonyesha kabila, na mtu mwenyewe mara nyingi hakuulizwa jina lake.

Jeraha la vita hivyo bado liko wazi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika katika Makumbusho ya Majimaji hapa Songea na kuomba msamaha. Nenda makumbusho hayo kabla ya kupanda Matogoro. Ukishaziona nyuso za walionyongwa, picha ya wanawake sita mbele ya bani haitakuwa jambo dogo tena. Hao ni watoto na wajukuu wa watu ambao vita na njaa iliyofuata vilikusudiwa kuwamaliza, nao wameketi wakifanya kazi na kuimba.

Watu wa milima mingine wamekwisha kuitambua thamani ya picha kama hizi. Huko Marekani, Doris Ulmann alitoka New York akaenda kwenye milima ya Appalachia, na hadi alipofariki mwaka 1934 aliwapiga picha wafumaji, wasuka vikapu na wakulima wa kawaida. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika chuo cha Berea, Kentucky, na mikono ile iliyokuwa kazini imekuwa sehemu ya historia ya taifa. Matogoro ina kitu ambacho hata hifadhi kubwa huenda isikipate: watu walio hai, wanaoweza kutaja kila uso kwa jina.

Lakini muda hautusubiri. Masika hapa ni marefu, unyevu huzigandisha picha kwenye vioo vya fremu, mchwa huingia masandukuni, na wazee wanaondoka. Ukija, tuseme kwa kumbukumbu ya mashujaa mwishoni mwa Februari, tenga siku ya Matogoro. Panda asubuhi. Mchana, ukikaribishwa nyumbani kwa mtu, amkia, kaa, na uombe kuonyeshwa albamu. Na wewe uliyezaliwa hapa, kabla hujarudi Dar es Salaam au Dodoma, keti na bibi yako. Piga picha zile kwa simu kivulini, bila mwanga wa kamera, na umrekodi akitaja majina. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya: nani, wapi, mwaka gani, walikuwa wakifanya nini. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe makumbusho. Watu hawa wameutunza mlima unaounywesha mji mzima, na wanastahili kukumbukwa kwa majina yao.