Safari ya Siku Moja Pwani ya Ngazidja

Wengi wenu mliponikosa hapa Kwa Mrombo muda wa juma zima mliuliza nimekwenda wapi, na niliporudi mkauliza nimeona nini. Nimeona afadhali niandike, kwani kusimulia mlangoni kwa kila mtu kumenichosha, na kila niliposimulia nalisahau jambo moja.

Nalikwenda Ngazidja. Ndicho kisiwa kikubwa katika visiwa vya Komoro, vilivyo baharini baina ya Afrika na Bukini. Jamaa yangu anayefanya kazi katika mji wa Moroni aliugua, nikaenda kumtazama. Nalipofika nalimkuta amekwisha inuka kitandani, anakula vizuri, hata akanicheka kwa kuja na koti zito la Arusha katika joto lile. Basi siku ya mwisho kabla ya ndege ilibaki tupu, na hamu ikanishika ya kukizunguka kisiwa chote kwa njia ya pwani.

Sasa imenipasa kuungama neno moja. Katika mfuko wangu nalikuwa na fedha ya tangi. Mama wa nyumbani kwangu alinipa fedha ile siku ya kuondoka, akasema, “Baba, hii ni kwa ajili ya mgonjwa tu. Kama mgonjwa hakuihitaji, irudi kama ilivyo.” Nanyi mnaokaa chini ya Mlima Meru mwajua kwa nini mwanamke aweke akiba ya tangi. Maji yetu yanatoka katika mlima wa moto, yamepita katika mawe na majivu ya kale, nayo yamechukua madini yanayoitwa floraidi. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Penye visima na mito mingi ya kwetu huzidi sana. Mto wa Maji ya Chai ni mmoja wa hiyo. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanapojiumba ndani ya ufizi, meno huota na madoa ya kahawia, wala hayasuguliki. Yakizidi mno hata mifupa hupinda. Na kuyachemsha si dawa. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi ikabaki ile ile. Mtoto wangu wa kwanza hucheka akiziba mdomo kwa mkono. Wa mwisho ana miaka miwili. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na kwa hiyo mama yao alitaka tangi.

Nami nikaitoa sehemu ya fedha ile nikakodi motokaa pamoja na mwongozi, peke yangu, siku nzima. Jamaa yangu alinishauri nipande magari ya watu wengi, kwa kuwa nauli ni ndogo. Lakini magari yale hayasimami unapotaka kutazama, nami nalitaka kutazama. Ndivyo nilivyojitetea.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwongozi wangu alikuwa kijana mpole mwenye kofia iliyotariziwa, naye alijua Kiswahili kwa sababu babu yake aliishi Unguja, ambako Wangazija wengi walifanya makao. Lugha yao wenyewe ni ndugu ya Kiswahili. Ukitulia wasikia maneno yanapita kama watu unaowajua sura ila si majina. Maji kwao ni madji. Kijana yule aliniita “Fundi” tangu mwanzo, nikadhani ameambiwa kwamba natengeneza mitambo, nikamwambia kwamba motokaa ikiharibika asinitegemee. Akacheka sana. Kumbe kwao fundi ni mwalimu, hasa mwalimu wa dini.

Tulishika njia ya kusini. Mara tukafika Ikoni, mji wa kale wa masultani, wenye kuta za jumba lao karibu na maji. Juu ya mji pana jabali refu la mawe meusi. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1805 wanyang'anyi kutoka Bukini walikuja kwa mashua kukamata watumwa, na wanawake wa Ikoni, walipoona hapana njia ya kuokoka, wakajitupa kutoka juu ya jabali lile kuliko kuchukuliwa. Nalisimama chini nikaangalia juu. Mwongozi hakusema neno mpaka nilipogeuka mwenyewe kurudi garini, nami nikampenda kwa hilo. Wako waongozi ambao kwao hapana jambo lisilohitaji maneno mengi.

Baada ya Ikoni njia inapanda kidogo, na mlima wa Karthala unakuwa mkono wa kushoto. Urefu wake ni mita 2,361, karibu nusu ya Meru wetu, lakini Meru umelala. Majivu yake ya mwisho yalionekana mwaka 1910. Karthala haujalala. Tulifika Singani. Mwezi wa Aprili 1977 ubavu wa mlima ulipasuka juu ya kijiji hiki, na mawe yaliyoyeyuka yakashuka kuelekea baharini kama uji mzito ufurikao chunguni. Watu walikimbia, nyumba zikafunikwa. Nalitembea juu ya mawe yale. Ni meusi, yana matundu kama mkate, na kingo zake hukata soli ya kiatu. Katikati yake miti imekwisha ota, na nyumba mpya zimejengwa papo hapo, nyingine kwa mawe yale yale yaliyofunika zile za kwanza. Nikamwuliza mwongozi kwa nini hawakuhamia mbali. Akaniuliza, “Nanyi Arusha, mbona hamkuhama?” Sikuwa na jibu. Nikafikiri udongo wetu mweusi, na migomba, na kahawa, yote iliyotoka katika kinywa cha mlima.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo nalipaswa kuliona mapema. Tulikuwa tumekwenda saa mbili na zaidi, mvua ilinyesha usiku kucha, na mashamba ya migomba, minazi na milangilangi yalikuwa mabichi kabisa. Lakini hatukuvuka daraja hata moja lenye mto chini yake. Nikauliza, “Mito yenu iko wapi?” Kijana akasema, “Hatuna, Fundi.” Kisiwa chote hakina mto hata mmoja wa kudumu. Mawe ya mlima yana matundu mengi, mvua hunywewa mara inapoanguka, nayo hushuka chini kwa chini hata baharini. Huko chini maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyoingia kutoka baharini. Kwa hiyo visima vya Ngazidja huchimbwa karibu na pwani. Lakini ukivuta maji kwa pupa chumvi hupanda, na kisima kikaharibika. Wanaokaa juu mlimani hawana kisima. Wao hutegemea bati na birika.

Kusini na Fumbuni tulipita upesi. Adhuhuri ilitukuta upande wa mashariki, katika kijiji kidogo juu ya bahari. Mwongozi akaniomba ruhusa aingie msikitini kusali, nami nikakaa nje kivulini, karibu na birika la msikiti. Lilijengwa kwa mawe na chokaa, kubwa kama chumba cha darasa, na mifereji yote ya paa iliingia humo. Mzee mmoja aliyeketi barazani alinisalimu, akaniita, akaagiza mtoto aniletee maji katika kikombe cha bati. Yalikuwa baridi, hayana ladha yoyote. Sisi tumezoea maji yenye ladha, hata tukidhani ndiyo ladha ya maji.

Mwongozi alipotoka akakaa kati yetu akafasiri. Mzee alisema kwamba mwaka 2005 mlima ulitoa majivu mara mbili, mwezi wa Aprili na mwezi wa Novemba. Mara ile ya kwanza watu wa upande huu walikimbia kwa maelfu. Waliporudi walikuta nyumba zimesimama na migomba imekuwa ya kijivu, nao wakamshukuru Mungu. Kisha wakafungua mabirika. Majivu yalikuwa yameoshwa na mvua kutoka juu ya mabati, yakaingia yote ndani. Novemba ikawa vile vile, na zaidi ya watu laki moja katika kisiwa walipata shida ya maji safi. “Tulikaa katika mvua,” alisema mzee, “tukinunua maji.” Tangu hapo, alisema, mlima ukinguruma kazi ya kwanza ya watoto ni kutenga mifereji na mabirika, hata kabla ya kufunga mizigo. Akanionyesha jinsi wanavyofanya siku za kawaida pia: mvua ya kwanza baada ya kiangazi haikingwi, huachwa ioshe bati, ndipo mfereji hurudishwa mahali pake. Nikamwuliza birika hudumu miaka mingapi. Akasema lile alilikuta, na baba yake alilikuta. Nami nikahesabu moyoni fedha niliyokwisha toa asubuhi.

Nalimwambia habari za meno ya watoto wetu. Hakusadiki mara moja. Akamtuma yule mtoto aje karibu, akamwamuru afungue kinywa, akanionyesha. Meno meupe pe. Nalicheka, na moyoni sikucheka.

Chomoni ni mahali pazuri kuliko pote nilipopaona siku ile, mchanga mweupe na mawe meusi yameshikana kama meza iliyochezewa bao, na maji ya kijani baina yake. Lakini sikukaa sana. Nalitaka kufika Niamawi.

Niamawi ni ziwa la chumvi upande wa kaskazini, karibu na Bangoi-Kouni. Limo katika shimo la mlima mdogo wa moto, na ukanda mwembamba wa nchi tu unalitenga na bahari. Ukisimama ukingoni waona maji mawili, bahari inayotembea na ziwa lililotulia. Zamani, husema wenyeji, hapa palikuwa na mji. Akaja mgeni mchovu, akaomba maji nyumba kwa nyumba. Kila mlango alinyimwa, ila mwanamke mmoja mzee alimpa. Mgeni akamwambia mwanamke yule aondoke upesi, asikae. Naye alipokwisha toka, mji ukazama na watu wake. Nalimwuliza mwongozi kama asadiki. Akasema watu wa elimu hueleza kwamba moto wa chini ulikutana na maji, ukapasua nchi. Kisha akaongeza, “Lakini kwetu hapa, Fundi, hapana mtu anayemnyima mgeni maji.” Nami nalikuwa nimekwisha yanywa, saa tatu tu zilizopita, katika kijiji ambacho kila kikombe chake kimehesabiwa.

Upande wa kaskazini mawe meusi yanaingia baharini kwa mgongo mrefu wenye meno, nao Wafaransa waliuita Mgongo wa Joka. Mitsamiuli twalipita jua likianza kushuka. Mwongozi alinionyesha kwa mkono mahali ndege ya Ethiopia, iliyokuwa imetekwa, ilipoanguka majini tarehe 23 Novemba 1996. Walikuwamo watu 175, wakafa 125, na waliookoka wengi walivutwa na mashua za watu waliokuwa pwani. Pia alinieleza habari za gombessa, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani miaka mamilioni mengi, hata alipovuliwa mmoja Afrika ya Kusini mwaka 1938. Hapa Ngazidja hukaa mchana katika mapango ya lava, chini sana, na mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke aliteremka kwa chombo akamwona yu hai. Kijana alishangaa nilipomwambia kwamba na sisi tunaye, na kwamba mwaka 2009 Serikali yetu ilitenga hifadhi ya bahari huko Tanga kwa ajili yake. Alikuwa akijivunia samaki wake siku nzima. Sikupenda kumharibia, lakini ukweli ni ukweli.

Tulirudi Moroni usiku umeingia. Nalimlipa, nikamwongezea kidogo, maana tayari nalikuwa nimekosa, na kosa halikuzidi kwa hicho kidogo.

Nyumbani nalimweleza mama watoto habari yote, kwanza fedha, kisha safari. Alinyamaza mpaka jioni. Baada ya chakula akaniuliza swali moja tu, yule mzee alisema mvua ya kwanza ifanywe nini. Nikamweleza tena. Tuliuza mbuzi wawili tukanunua tangi dogo kuliko lile lililokusudiwa, nami mwenyewe nikapigilia mifereji, kazi ambayo jirani mmoja alikuja kuisahihisha siku ya pili kwa sababu yangu ilimwaga maji yote ukutani.

Vuli ilipoanza, mavumbi ya Kwa Mrombo yaliteremka kutoka katika bati yakiwa mekundu kama chai, tukayaacha yapite. Mvua ya pili tukakinga. Asubuhi mama watoto alifungua bomba, akajaza kikombe, akampa yule mdogo kwanza. Kisha akajaza tena, akaniletea mimi barazani.

“Kunywa, Baba,” akasema. “Haya ndiyo maji ya ghali kuliko yote Arusha.”