Jina la Machinga: Lilikotoka na Lilikofika

Kila mwanzo wa mwaka mwalimu hufungua daftari la mahudhurio na kuandika majina ya watoto, na watu huidhani kazi hiyo kuwa ndogo. Mimi nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, kwanza Masasi na sasa huku juu Newala, nami naona ya kuwa hapana kitabu shuleni chenye historia nyingi kuliko daftari lile. Humo mna Abdallah aliye Mkristo, na Yohana ambaye hajabatizwa. Mna majina yaanzayo na Na-, kama yaanzavyo majina ya miji na vijiji vyetu, Nanyumbu na Nachingwea na Nanyamba na Nanguruwe. Mna na majina ya Kiingereza ambayo mababu waliyapata siku ya ubatizo wao, na wajukuu wayatamka kwa namna ambayo Mwingereza mwenyewe hangeyatambua. Mhariri akinipa nafasi, nataka kuandika habari za jina moja tu katika hayo, maana ni haba kwetu, na tena limeleta machozi darasani. Jina hilo ni Machinga.

Najua wengi mtacheka, kwani leo kila mtu akisikia machinga humwona kijana mwenye mikanda mkononi na soksi begani, akipita katikati ya motokaa. Ngojeni kwanza.

Wasomaji wetu wajua jinsi majina yalivyo katika nchi hii, lakini kwa ajili ya vijana nitaeleza kidogo. Mtoto akizaliwa hupewa jina la utoto. Akitoka jandoni huliacha lile, akapewa jingine, na kumwita tena kwa la zamani ni kumtukana, kana kwamba wamwambia kuwa angali mtoto. Akibatizwa hupata la tatu. Juu ya hayo liko jina la ukoo hasa. Wayao huliita lukosyo, Wamakonde litawa, Wamakua nihimo. Hilo lafuata upande wa mama, na wenye jina moja hawaoani. Lakini ofisi huuliza jina la baba na la babu, kisha juu ya jina la babu huandika “jina la ukoo.” Basi mtu huandikwa jina la ukoo ambalo si la ukoo wake. Nakumbuka vijana wawili huko Masasi waliokuwa karibu kutangazwa ndoa kanisani, mmoja akiandikwa hivi na mwenzake vile, hata bibi mmoja mzee alipouliza nihimo zao, ikaonekana ni ndugu. Karatasi zao zote zilikuwa safi kabisa.

Sasa, katika darasa langu la sita yumo mtoto ambaye baba wa baba yake aliitwa Machinga, na jina hilo limemfuata katika daftari. Wenzake walianza kumwuliza, “Machinga, soksi bei gani?” Mwanzo alicheka pamoja nao. Kisha akanyamaza. Kisha hakuja shule siku tatu, na siku ya nne akaja baba yake. Hakukubali kuketi. Akasema, “Mwalimu, nataka jina hili lifutwe. Mwandike kwa jina langu la ubatizo, basi. Jina gani hili la kutembeza mali juani?” Nikamjibu, “Mzee wangu, kufuta si kazi ya dakika moja. Nipe nafasi hata mwisho wa mwezi.” Akatoka, wala sikujua kama amekubali.

Kwa sababu hiyo nalianza kutafuta. Aliyeandika vizuri habari za Wayao alikuwa mtu wa damu yao, Padre Yohana Barnaba Abdallah, aliyehudumu Unangu, ng'ambo ya Ruvuma. Kitabu chake cha Kiyao, Chiikala cha Wayao, kilichapwa mwaka 1919. Asimulia ya kuwa hapo kale Wayao walikaa penye kilima kiitwacho Yao, kati ya Mwembe na Luchilingo, kilima kisicho miti, majani matupu. Na kwa kilima hicho wakaitwa Wayao. Kisha wakatawanyika, na kila kundi likashika jina la mahali lilipokwenda kukaa. Waliokaa penye mlima Lisaninga wakawa Amasaninga. Waliokaa Mangochi wakawa Amangoche. Na waliokaa penye safu ya vilima iitwayo Mchinga, hao ndio Amachinga. Shina la neno hilo lasikika hata leo katika jina la Lichinga, mji mkuu wa mkoa wa Niassa katika Msumbiji, ambao zamani za Wareno uliitwa Vila Cabral.

Basi asili ya jina si soko. Ni mlima.

Katikati ya karne ya 19, kwa ajili ya vita vya Walolo na kwa ajili ya njaa, Amachinga wengi walihama, wakashuka kusini hata bonde la mto Shire, katika nchi iitwayo leo Malawi. Wakubwa wao, kama Kawinga na Liwonde, wakajenga huko, na leo iko wilaya nzima iitwayo Machinga, na jirani yake iko Mangochi, ambayo Waingereza waliita Fort Johnston. Ajabu ni kwamba mtu akitaka kuona majina ya vilima vile ya kale yamekaa jirani, yampasa kufungua ramani ya nchi nyingine. Watu walichukua majina ya vilima vyao kama mtu achukuavyo kijinga cha moto kutoka nyumba hata nyumba.

Upande wa mashariki nako wako Wamachinga, katika nchi ya Lindi na Kilwa, wenye lugha yao, wakaao karibu na Wamwera. Na kaskazini ya mji wa Lindi iko ghuba na kijiji cha Mchinga. Kati ya pwani ile na nchi ya Wayao ilikuwako njia kubwa. Tangu karne ya 18 misafara ya Wayao ilishuka Kilwa na tumbaku na pembe, ikarudi na nguo na chumvi. Walishuka na watu vilevile, wamefungwa, na hilo sitaliacha kwa sababu lapendeza kuacha. Wengi wetu hapa tumezaliwa na wale waliofungwa, na wengine na wale waliofunga, na wengine na wote wawili. Mwaka 1875 Askofu Steere alitembea kwa miguu kutoka Lindi hata Mwembe kwa Mataka, karibu na kilima kile cha Yao. Na mwaka 1876 alileta kundi la watu waliokombolewa kutoka Unguja, akakusudia kuwarudisha upande wa kwao, wakaishia Masasi, wakajenga. Mwaka 1882 Magwangwara wakawashambulia, na Misheni ikahamia Newala kwa muda. Katika watu wa namna hii, waliotoka huku wakaenda kule, mtu alipoulizwa, “Wewe nani?” hakujibu kwa jina la baba yake, maana nani angemjua baba yake? Alijibu kwa jina la nchi yake au la kabila lake. Nami nadhani hapo ndipo majina mengi ya daftari langu yalipozaliwa.

Fikirini: penye vilima vya Mchinga wenyewe hapana mtu aitwaye Machinga, kwani wote ni Machinga, na jina lisilomtenga mtu na mwenzake halina kazi. Ni akiisha kuvuka mito miwili mitatu, akakaa kati ya Wamakua na Wamakonde, ndipo watu wanaposema, “Kamwite yule Machinga.” Watoto wake wakawa watoto wa Machinga, na ofisi ikamaliza mambo.

Wala msidhani haya ni ya Waafrika peke yao. Wazee wa Masasi wamkumbuka Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wetu tangu 1960 hata 1968, baada ya kazi yake ya Sophiatown katika Afrika Kusini. Jina lake ni haba hata kwao, na asili yake ni kijiji kidogo katika Yorkshire. Wataalamu wa majina wasema, mwisho wake, -ton, ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya boma au shamba, na mwanzo wake ni jina la mtu aliyekuwa na shamba lile. Basi hapo kale mtu alitoka Huddleston akaenda kukaa kwa watu wengine, nao wakamwita kwa jina la kijiji alichokiacha. Angalikaa kwao asingaliitwa hivyo. Washington nayo zamani ilikuwa kijiji cha kaskazini ya Uingereza. Watu wakakichukua kiwe jina lao, wakalivusha bahari, mmoja wao akawa rais wa kwanza wa Marekani, na mji ukaitwa kwa jina lake. Mahali pakawa mtu, na mtu akawa mahali tena. Nalipowaeleza watoto hayo, mmoja aliuliza kama watu wa Washington nao waliuza soksi. Sikumwadhibu, maana lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua.

Kwa kuwa sasa twafika kwenye soksi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa, na nguo na bidhaa ndogondogo zikajaa Dar es Salaam, vijana wengi wa Lindi na Mtwara walikwenda huko. Huku mvua ikikosa korosho hazina bei, na mvua ikizidi barabara hazikuwako. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Rufiji mwaka 2003, watu walingoja kivuko Ndundu siku nzima, na pengine siku kadhaa. Kijana hakuwa na duka wala mtaji, alikuwa na miguu. Akachukua mali ya tajiri asubuhi, akaitembeza, akarudisha fedha jioni. Watu wa mji wakauliza, “Ni nani hawa?” Wakajibiwa, “Ni Wamachinga,” nao wakawaita wote hivyo, Mmakonde na Mmakua na Mmwera na Myao, bila kupambanua. Ni jambo lile lile la zamani: ugenini ndiko jina la kwenu likukamatako. Siku hizi limewapita hata watu wa kusini. Msukuma anayetembeza vyombo Mwanza ni machinga, naye hajapata kuuona mto Ruvuma. Serikali yenyewe imelichukua: mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho, na watu wote walisema ni vitambulisho vya machinga, na katika Ilala liko jengo kubwa la soko lenye jina hilo. Wako watu wasemao ati neno latokana na Kiingereza, yaani vijana wapigao mwendo kama askari. Hiyo ni hadithi ya barazani. Wamachinga walikuwa na jina lao kabla Mwingereza hajafundisha askari wake kupiga mguu katika nchi hizi.

Nina sababu yangu ya kuandika kwa ukali hapa. Mwanangu wa kwanza alikwenda Dar es Salaam akiwa na miaka kumi na tisa, akatembeza mikanda, kisha saa, kisha viatu, miaka sita. Mara mbili alipoteza mali yote kwa siku moja, na mara ya pili alikaa wiki mbili pasipo kuniambia. Mabati yaliyo juu ya kichwa changu niandikapo haya yalinunuliwa kwa fedha yake. Mtu akiniuliza kama mwanangu alikuwa machinga, najibu ndiyo, tena najibu kwanza kabla hajamaliza kuuliza. Lakini mimi ni mzee na mwalimu, nani atanicheka? Mtoto wa miaka kumi na miwili yuko peke yake kati ya wenzake arobaini, na kumwambia ajivunie jina lake ni rahisi kwa yule asiye nalo.

Mwisho wa mwezi baba yake alikuja kama nilivyomwomba. Safari hii aliketi. Nikamsomea yale ya Padre Abdallah, nikamwonyesha katika ramani Lichinga, na wilaya ya Malawi, na ghuba ya Lindi. Aliitazama ramani muda mrefu, akiweka kidole penye Lichinga na kingine penye Newala. Akasema babu yake alikuwa na neno moja ambalo watoto hawakulielewa, kila alipokaripiwa kwa uvivu alisema, “Mimi si mtu wa bondeni.” Wao walidhani asema juu ya Wamakonde wa hapa juu. Kisha akasimama, akasema, “Mwalimu, acha kwanza,” akaenda zake. Jina limebaki katika daftari, na katika karatasi za mtihani litaandikwa vilevile, asiponijia tena.

Wiki iliyofuata naliwapeleka darasa la sita Shimo la Mungu, penye ukingo wa uwanda wetu, ambapo nchi yashuka ghafula na mtu huona mbali sana upande wa Ruvuma. Mtoto yule alinishika mkono wa shati, akaniuliza kama vilima vya Mchinga ni vile vya mwisho, vya bluu. Nikamwambia sivyo, viko nyuma ya vile, mbali sana, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Akauliza siku ngapi. Wenzake nao wakaanza kuhesabu.