Mikono Iliyoganda

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikudhani kuwa ipo siku methali hii ingenifafanulia utendaji wa tarakilishi, sembuse kuinusuru tasnifu yangu ya uzamili.

Nilikuwa nimerejea kutoka Lamu na video za ngano nilizozirekodi kwa simu. Chumbani mwangu hapa Kabiria, nilinukuu maneno ya fanani upande mmoja wa ukurasa na ishara zake upande wa pili. Punde nikagundua jambo lililonifurahisha: kila ngano ilipofikia kilele, bibi mtambaji aliganda, sauti iliendelea ilhali mikono haisogei. Niliandika kurasa sita nikidai kuwa utulivu huo wa mwili ndio mbinu yake ya kujenga taharuki.

Jioni moja, umeme ulipopotea, niliitazama video ileile kwenye simu. Lo! Fisi alipotumbukia kisimani, viganja vya bibi vilipinduka, vikashuka kwa kasi hadi magotini. Hakuganda hata kidogo.

Kesho yake niliibeba tarakilishi hadi kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue. Alinionyesha kipimo cha kazi ya kichakataji: video ilipochezwa, kilikaribia asilimia 100. Akanieleza kuwa video huhifadhiwa ikiwa imekandamizwa, na aghalabu yanayohifadhiwa ni mabadiliko baina ya picha moja na nyingine. Mikono inapokwenda mbio na hadhira kupiga makofi, mabadiliko huwa mengi na kazi ya kuyasimbua huongezeka. Kichakataji kikilemewa, picha husalia nyuma na sauti husonga mbele. Kumbe ndiyo sababu mgando ulitokea palepale penye kilele!

Kadi ya michoro hukitua kichakataji mzigo huo, kwani ina sehemu iliyoundwa mahususi kwa kusimbua video.

“Lakini hii yangu ina kadi,” nikamwambia.

“Ndugu yangu, kadi yako haiijui lugha ya video hii.”

Mwanafunzi wa lugha nikafundishwa lugha. Mtindo wa H.264 uliidhinishwa mwaka 2003. HEVC, unaohitaji takriban nusu ya data kwa ubora uleule, ulifuata mwaka 2013, na ndio uliotumiwa na simu yangu. Kadi ya GeForce GT 710 husimbua H.264 lakini si HEVC; GT 1030, iliyotoka mwaka 2017, husimbua mitindo yote miwili. Fundi alipopachika kadi inayoielewa HEVC, kazi ya kichakataji ilishuka chini ya asilimia 20, na mikono ya bibi ikaenda sambamba na sauti yake.

Kwa wenzangu mnaotafiti fasihi simulizi: msiulize tu kadi ina nguvu kiasi gani. Mkalimani hodari wa Kiarabu hamfai mgeni anayesema Kichina. Chunguzeni kwanza video zenu ni za mtindo gani. Asiyemudu kununua kadi mpya anaweza kuzigeuza ziwe H.264 kwa programu zisizolipiwa, kisha azilinganishe na rekodi asilia kabla ya kunukuu ishara yoyote.

Zile kurasa sita nimezifuta. Sura ninayoiandika sasa inahusu viganja.