Mbwa Aliyeuona Upepo: Usuhuba na Kisakale katika The Grey King

Msomaji aliyezoea hadithi za watoto ambamo marafiki hupambana na mazimwi kisha wakarejea nyumbani salama salimini, hana budi kushtushwa na The Grey King ya Susan Cooper. Riwaya hii ilitolewa mwaka 1975, ikiwa ya nne katika msururu wa tano, na mwaka 1976 ikatunukiwa Nishani ya Newbery nchini Marekani. Mandhari yake ni milima na mashamba ya kondoo karibu na Tywyn, huko Welisi.

Will Stanton ni mtoto wa Kiingereza aliyetoka kuugua. Bran Davies ni mvulana mwenye ualbino, mkaidi, mpweke, asiye na mwandani ila Cafall, mbwa wake mweupe ambaye kwa macho yake ya rangi ya fedha husemekana anauona upepo. Mmoja ametoka katika nyumba iliyojaa ndugu. Mwenzake amelelewa na Owen Davies katika nyumba ya kimya na sala. Usuhuba wao unakuzwa na matamshi kabla ya uchawi: Bran anamfunza mgeni kuyatamka majina ya Kiwelisi. Mwenye lugha iliyobezwa ndiye mwalimu, na mtoto wa lugha tawala ndiye anayebabaika. Mwanafunzi wa Kenya hahitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo.

Jina la mbwa nalo ni la kale. Historia Brittonum, maandishi ya karne ya 9, yanamtaja mbwa wa Arthur aliyeacha unyayo juu ya jiwe, jiwe ambalo likichukuliwa hurudi mahali pake. Cooper anampa Bran mbwa mwenye jina hilo kabla mtoto hajajua kuwa Arthur ndiye babake mzazi. Kisakale kimo nyumbani tayari, kimelala mlangoni.

Kisha mbwa huyo anauawa. Jirani, Caradog Prichard, anampiga risasi kwa madai kwamba ameshambulia kondoo, hali aliyekuwa akimkabili ni mbweha wa kimizungu ambaye Prichard hamwoni. Bran anamlaumu Will, na lawama hiyo ina haki. Will ana nguvu zipitazo za binadamu, lakini hawezi kumfufua mbwa mmoja. Tena mchungaji John Rowlands anamweleza waziwazi kwamba Nuru anayoitumikia ina ubaridi wake. Ni nadra mwandishi wa watoto kuutilia shaka upande wa wema kiasi hiki.

Pengine Will anajua mengi mno. Hofu yake haimgusi msomaji sana. Mwenye kubeba riwaya ni Bran, mtoto aliyeletwa na mama kutoka zama nyingine, akaachwa mikononi mwa mchunga kondoo aliyemficha ukweli kwa miaka. Katika riwaya ya mwisho, Silver on the Tree (1977), anapewa nafasi ya kuondoka na Arthur. Anabaki na Owen.